Karatasi ya madai saba

Niliombwa nitafsiri karatasi moja tu. Ukurasa mmoja mbele na nyuma, "mwalimu we si Kiswahili ndo kazi yako, nusu saa umemaliza", nikatumiwa kwenye WhatsApp kama picha iliyopigwa upandeupande mpaka mstari wa mwisho umekatwa nusu. Ilikuwa Agosti 2024, wiki chache baada ya yale maandamano ya Julai, na nikwambie ukweli, karatasi hiyo mpaka leo haijaisha. Sio kwamba Kiswahili kilinishinda, au labda kilinishinda kidogo, nitafika hapo. Kilichonishinda zaidi ni kwamba kila nikikaa kuitafsiri nagundua walioiandika hawajaamua wanataka nini, na mimi ni mmoja wa walioiandika.

Kwa ambao hawakuwa Uganda, au walikuwepo lakini wako bize na yao: Julai 23, 2024 vijana walipanga kuandamana hadi Bungeni hapa Kampala kupinga ufisadi. Hakuna chama, hakuna mwenyekiti, kila kitu mtandaoni. Moto wenyewe uliwashwa miezi ya mwanzo wa mwaka na ile kampeni ya kuanika matumizi ya Bunge, makaratasi ya malipo yakawa yanamwagwa X kila asubuhi kama gazeti, alafu Juni tukawa tunawaangalia Wakenya kwenye simu usiku kucha mpaka bando linaisha. Jumamosi kabla ya siku yenyewe Rais Museveni akahutubia taifa akasema wanaopanga hayo wanacheza na moto. Jumatatu askari wakazingira makao makuu ya chama cha upinzani cha NUP kule Kavule. Jumanne ilipofika sare zilikuwa nyingi mjini kuliko watu, waliojitokeza wakabebwa kwenye mapikapu, wengi wakashtakiwa kwa kosa la kuwa kero kwa umma na wakapelekwa jela ya Luzira.

Mi sikwenda. Naliweka hili mapema ili usije ukasoma hadi chini ukidhani unamsoma shujaa. Siku ile nilikuwa darasani nafundisha ngeli ya U-ZI, simu nimeificha ndani ya kitabu cha mahudhurio, na kila nikigeuka kuandika ubaoni naichungulia.

Karatasi ilizaliwa baadaye, chumba cha nyuma cha duka la kudurufu pale Wandegeya. Marimu ya karatasi yamepangwa hadi dirishani, harufu ya wino wa moto, watu kama kumi na mbili, viti sita. Majina sitaji, mtanielewa. Kulikuwa na dada mmoja anasomea sheria, kaka wa boda kutoka steji ya Bwaise, mama anayeuza nguo za mitumba Owino, nesi, kijana mmoja ambaye kazi yake ni X tu asubuhi mpaka usiku, na wengine wa kuja na kutoka. Lengo la kikao lilikuwa kuandika madai, kwa sababu kila mtu alikuwa anatuuliza, hata wanaotuunga mkono, sawa mmechoka, tumesikia, sasa mnataka nini?

Tukatoka na madai saba. Spika ajiuzulu. Wabunge wapunguziwe malipo. Waliokula mabati ya msaada ya watu wa Karamoja wafungwe. Waliokamatwa Julai waachiwe. Kodi zishuke. Vijana wapate ajira. Na la saba, ambalo nesi ndo alilisukuma mpaka likaingia, sheria mpya ya mshahara wa chini.

Dada wa sheria alikasirika kabla wino haujakauka. "Hii sio orodha ya madai, hii ni barua ya Krismasi," akasema, na akaanza kutupigia somo la Nairobi. Wenzetu walikuwa na mswada, anasema. Mswada wa Fedha wa 2024, una kurasa, una vifungu, una tarehe ya kupigiwa kura. Wakadai kitu kimoja, kataeni mswada, basi. Juni 25 wakaingia Bungeni, Juni 26 Ruto akatangaza hausaini. "Sisi mswada wetu uko wapi? Tukidai saba tutapewa sifuri, tudai moja. Spika."

Mama wa Owino akamkumbusha taratibu kwamba Nairobi watu walikufa, makumi ya watu, na watoto wa watu sio mfano wa somo. Chumba kikanyamaza kidogo. Alafu kaka wa boda, ambaye muda wote alikuwa amesimama mlangoni akiichunga pikipiki yake, akauliza swali ambalo mimi nadhani ndo liliivunja karatasi.

"Spika akijiuzulu kesho asubuhi, mafuta yatashuka saa ngapi?"

Watu wakacheka lakini yeye hakucheka. Akaendelea, pikipiki ile sio yake bado, ni ya mkopo, kila wiki analipa, wiki akiugua deni haliugui, na Spika wa kwanza namjua, Spika wa pili nitamjua, wote watapita barabarani na msafara wao na mimi nitaambiwa nisogee pembeni. Kijana wa X akamjibu kwamba pesa zinazoibwa ndo zingejenga barabara na hospitali na kushusha hizo kodi za mafuta. Kaka wa boda akasema sawa, inawezekana, lakini wewe umesema zingejenga, mimi nimeuliza saa ngapi.

Nilipanda teksi kurudi nyumbani nikiwa nimeegemea kioo na lile swali kichwani. Ujue sisi tumezoea kusema shida ya Uganda ni wizi. Ni neno zuri kwa maandamano, kwa sababu hakuna anayetetea wizi, hata mwizi mwenyewe akisimama jukwaani anapinga wizi. Rais mwenyewe aliongoza matembezi ya kupinga ufisadi hapa Kampala Desemba 2019! Ukiita kundi lako la kupinga ufisadi utapata mchungaji, shehe, balozi, mfanyabiashara, wote watakuja. Ndo maana mwaka 2012, ilipobainika mabilioni ya msaada wa kuijenga upya kaskazini yameliwa, wanaharakati walianzisha ile Jumatatu Nyeusi, watu wakawa wanavaa nguo nyeusi kila Jumatatu. Lilikuwa jambo la maana na lilihitaji moyo, watu walikamatwa kwa kugawa vijarida. Ila Jumanne tulivaa nguo za kawaida na mshahara ulikuwa uleule.

Sasa chukua yale yaliyotukera zaidi mwaka 2024. Makamishna wa Bunge walikuwa wamekaa mwaka 2022 wakajipangia tuzo ya utumishi, shilingi bilioni 1.7 kwa watu wanne, kiongozi wa upinzani wa wakati ule milioni 500 na wenzake watatu milioni 400 kila mmoja. Karatasi zilipovuja nchi nzima ikapiga kelele mwizi, na jibu likaja, hapana, ni halali, ilikaa kikao, ikapitishwa. Na kinachouma ni kwamba upande huo wa utaratibu hawakudanganya, walikaa kweli na wakapitisha kweli. Na zile milioni 200 za gari kwa kila mbunge mwaka 2021, wabunge 529, piga mwenyewe hesabu, inakuja bilioni 105 na ushee, mwaka uleule wa korona ambapo shule zilikuwa zimefungwa na walimu wa shule binafsi tunauza nyanya barabarani, mimi niliuza mkaa. Nayo ilikuwa halali, ilikuwemo kwenye makaratasi ya serikali, hakuna aliyevunja kabati usiku.

Kwa hiyo mimi naona hivi, na wenzangu wengine hawakubali hadi leo: tukisema tu wizi, tunawaachia mlango mkubwa zaidi wa kutokea. Wataleta wezi wawili watatu mahakamani, kama walivyomfikisha waziri wa Karamoja Aprili 2023 kwa kesi ya mabati, tutapiga makofi, na mgao utabaki palepale. Mgao ndo neno langu. Nani anapewa nini kabla hata ya mtu kuiba.

Nesi alikuwa ameliona hilo kabla yangu, sema mi nilikuwa simsikilizi vizuri siku ile kwa sababu alikuwa anaongea kwa sauti ya chini. Alichosema ni hiki, Uganda ina mshahara wa chini wa kisheria, wengi hawajui, uliwekwa mwaka 1984 na ni shilingi 6,000. Kwa mwezi! Haujaguswa tangu hapo. Mwaka 2019 Bunge likapitisha mswada wa kuubadilisha, Rais hakuusaini. Shilingi elfu sita leo hii Kampala ni rolex, zile chapati za mayai, mbili tatu na maji.

Nikaenda nyumbani nikafanya hesabu moja ya kijinga. Mkumbuke ile kodi ya mitandao ya kijamii iliyoanza Julai 1, 2018, shilingi 200 kwa siku ndo ufungue WhatsApp, watu tukajaza VPN kwenye simu hadi wazee wakajua VPN ni nini, Bobi Wine, mwanamuziki aliyekuwa mbunge, na wenzake wakaingia barabarani Julai 11. Shilingi 200 mara siku 30 ni ngapi? Elfu sita. Yaani serikali ilikuwa inatutoza kwa mwezi, ili tu tuongee na shangazi zetu, shilingi ileile ambayo sheria inasema inatosha kumlipa mtu afanye kazi mwezi mzima. Sidhani kuna mtu alikaa akapanga zilingane. Lakini nilikaa kitandani nikaliangalia lile daftari muda mrefu, banange.

Turudi kwenye tafsiri maana nimeahidi. Kwanini Kiswahili? Wazo lilikuwa la kijana wa X. Akasema Wakenya walipokuwa wanaandamana waliongea na askari wao Kiswahili, wakawaimbia, wakawatania, na hata askari nao wana mikopo na kodi ya nyumba. Huku kwetu tunamtukana askari kwa Luganda ambayo labda haelewi vizuri kwa sababu ametoka Arua au Soroti au Kotido, alafu tunashangaa anapiga. Lugha ya kambini ni Kiswahili. Basi tuandike karatasi upande mmoja Luganda na Kiingereza, upande wa pili Kiswahili, tuanze na maneno "ndugu askari".

Na hapo chumba kikalipuka kweli. Mama wa Owino, ambaye ni mpole hivi, akasema yeye karatasi yenye Kiswahili haigawi. Kwao ni Luwero, kulikopiganwa vita miaka ya themanini. Akasema bibi yake hadi anakufa akisikia Kiswahili redioni alikuwa anaizima, kwa sababu Kiswahili alichokijua yeye ni kaa chini, lete pesa, panda gari. Wasiojua, panda gari ilikuwa misako ya miaka ya mwanzo ya themanini, wanajeshi wanazingira mtaa, watu wanapakiwa kwenye malori, wengine hawarudi. Kabla ya hapo Amin ndo alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, mwaka 1973, na unajua nani alikuwa anakiongea mlangoni kwako usiku. Leo Katiba inasema ni lugha rasmi ya pili, Baraza la Mawaziri mwaka 2022 likasema kifundishwe shuleni kwa lazima, mimi nakula kwa sababu hiyo, lakini huwezi kumpigia mtu baraza la mawaziri kwenye kumbukumbu ya bibi yake.

Mimi sikusema kitu, na nilinyamaza kwa aibu. Kiswahili changu sikukipata chuoni. Nimezaliwa kambi ya polisi hapahapa Kampala, kwenye yunipoti, vile vibanda vya bati vya duara, watu sita na pazia katikati, mchana ni oveni usiku ni friji. Baba Mlugbara, mama kutoka Tororo, majirani Wateso, Waacholi, Wanyankole, sasa ungetegemea tuongee nini? Kiswahili chetu hakina panda gari ndani yake, kina mama wanaogombana kwenye bomba la maji. Lakini ningeyasema hayo Wandegeya ningekuwa nimesema pia baba yangu alikuwa wapi Aprili 2011.

Alikuwa barabarani. Ile Tembea Kwenda Kazini ilianza Aprili 11, 2011, wapinzani na kiongozi wao Besigye wakisema kama mafuta na chakula vimepanda hivi basi tutembee kwa miguu kama wananchi wengine. Kitendo chepesi mno, mtu anatembea! Na kila akitembea anakamatwa, hadi ile Aprili 28 pale Mulago walipovunja kioo cha gari lake wakammwagia pilipili machoni, kesho yake mji ukawaka. Watu wasiopungua tisa waliuawa mwezi ule, mmoja mtoto wa miaka miwili kule Masaka. Mei wakaja na maji ya rangi ya waridi. Mi nipo sekondari, ninachokikumbuka ni sare za baba. Mama alikuwa anaziloweka nje, na tukizisogelea macho yanawaka, moshi wa machozi unakaa kwenye kitambaa siku mbili tatu. Tukakohoa wote, familia ya askari, kwa moshi wa waandamanaji. Na sukari hatukuwa nayo, kama wao. Oktoba ya mwaka ule mfumuko wa bei ulipita asilimia 30, na dukani kambini hakuna bei ya askari.

Nakumbuka mzee akiongea na wenzake usiku kwenye viti vya nje, mmoja anasema hawa wanaandamana kwa ajili ya bei, mwingine anasema bei ni kisingizio, wanataka kiti cha mkubwa, uchaguzi wameshindwa Februari. Nikikua nikaja kugundua hata wenyewe walioandamana walikuwa wanabishana hilohilo. Bei au utawala? Ukisema bei, serikali inakwambia ni ukame na soko la dunia, subiri mvua. Ukisema utawala, mama muuza nyanya anasema hayo ni ya wanasiasa. Mwaka uliofuata serikali ikalipiga marufuku lile kundi la Activists for Change lililoitisha matembezi hayo, na ubishi ukaishia njiani, hakuna aliyeshinda.

Mwaka huohuo, Septemba 17, Wamarekani nao wakapiga mahema Zuccotti Park kule New York wakisema wao ni asilimia 99, miezi mitano baada ya watu wa Kasangati, kwao Besigye, kuanza kutembea, na hakuna mwandishi aliyekuja kutuuliza uzoefu wetu haha. Nao waligombania kitu kilekile cha Wandegeya. Wengine wanasema toeni orodha ya madai, wengine wanasema ukitoa madai umeshampa yule unayemdai cheo cha kukukubalia. Novemba 15 polisi wakaja usiku wakayaondoa mahema. Orodha hawakuwa wameipata. Sijui kwanini hilo linanifariji, halipaswi kunifariji.

Basi nikaanza kutafsiri hivyohivyo, mama wa Owino akiwa bado hajakubali. Dai la pili ndo lilinikwamisha kwanza. Wabunge wapunguziwe malipo, malipo gani? Yale ya juu ya mshahara, ya kikao, ya safari, ya mafuta. Kwa Kiswahili cha vitabuni, kile cha Tanzania ninachokifundisha, hiyo ni posho. Wabunge wapunguziwe posho. Nikamsomea kaka wa boda kwenye simu akacheka mpaka nikasikia anaegesha. "Mwalimu, wao hawali posho! Posho tunakula sisi." Kwa sababu Uganda posho ni ugali, ndo chakula cha shule, cha jela, cha kambi, cha kijana anayejenga ghorofa za watu. Na ukweli lile neno ni moja tu. Zamani posho ilikuwa ni kile kipimo cha unga walichopewa wapagazi, askari na vibarua wa mashamba, kila mtu na kikombe chake. Huku kwetu likabaki unga. Kule Tanzania likapanda ngazi likawa pesa za kikao. Neno moja limegawanyika njia mbili, moja imekwenda Bungeni na nyingine imebaki kwenye sufuria ya shule yangu, nami niko katikati na kalamu.

Nikaandika marupurupu. Linasikika kama ugonjwa wa ngozi lakini angalau haliliki.

Dai la tano na la sita nikayapitisha haraka, "kodi zishuke, ajira zipatikane", kila mtu anadai hayo, hata chama tawala kinadai hayo. Dai la saba nilikaa nalo wiki mbili, kwa sababu huko ndo kuna sisi wenyewe. Mwaka 2022 serikali iliwaongezea walimu wa sayansi, wenye digrii wakafika milioni 4, sisi wa sanaa tukaachwa, walimu wakagoma Juni ile. Kiswahili ni lazima, lakini mwalimu wake ni wa sanaa, bahati mbaya. Nilipo mimi ni shule ya binafsi, isiyo na jina hapa, ambayo hainipi hata hiyo ya sanaa, na mwezi ukiisha tunaambiwa wazazi hawajalipa. Nikamtumia mwalimu wa fizikia rasimu ya dai la saba, rafiki yangu kabisa, yuko shule ya serikali, anaunga mkono maandamano kuliko mimi, yeye Julai alitoka. Akasoma akajibu, "Ni sawa. Ila msiseme mishahara isawazishwe, semeni ya chini ipandishwe." Nikamuuliza tofauti nini. Akaandika, akafuta, akaandika, akafuta, unajua ile simu inavyoonyesha mtu anaandika, mwisho akatuma kidole gumba.

Simlaumu. Nami nikijitazama, ningepewa hizo milioni 4 nisingezirudisha ili mwenzangu wa historia asijisikie vibaya. Lakini hapo ndo niliona kwanini "pingeni wizi" inajaza ukumbi na "badilisheni mgao" inaufanya ukumbi uanze kuangalia saa. Wizi ni wa wale kule. Mgao umefika hadi kwenye chumba cha walimu.

Mama wa Owino ndo alikuja na njia, angalau ya karibu na njia. Kikao cha nne au cha tano, tumeshapungua, viti sasa vinatosha. Akasema mbona hamtuulizi sisi wafanyabiashara? Aprili 2024 maduka ya Kikuubo na mjini kati yalifungwa kwa sababu ya ule mfumo wa risiti za kielektroniki, EFRIS. Hatukutembea kwenda popote, akasema, tulifunga mlango tukakaa nyumbani, na Rais mwenyewe akataka kukutana nasi. Mtu aliyefunga duka lake huwezi kumshtaki kwa kuwa kero kwa umma. Dada wa sheria akasema labda wanaweza, wakibuni. Lakini alikuwa anaandika kwenye daftari, nilimwona. Kaka wa boda akasema sawa, wewe una duka la kufunga, mimi nikizima pikipiki siku tatu mwenye mkopo anaichukua. Na nesi, je, afunge wodi? Tukarudi mwanzo, ila mwanzo wenye heshima zaidi, watu wakawa wanaulizana, wewe ukigoma inakugharimu shilingi ngapi? Hicho kilikuwa kikao kizuri kuliko vyote na hakuna dai hata moja lililoandikwa.

Baadaye 2025 ikaingia, kampeni za kuelekea uchaguzi wa Januari 2026, watu wakavaa rangi zao. Kijana wa X akapata kazi kwenye timu ya mgombea mmoja. Grupu likawa la salamu za Ijumaa na matangazo ya misiba. Madai yalibaki saba. Mama wa Owino alishaniruhusu upande wa Kiswahili, kwa sharti kwamba yasiwepo maneno ya kuamrisha, kila kitenzi cha amri nikigeuze, na nilivigeuza vyote, kazi ngumu hiyo kwa karatasi ya madai, jaribu uone.

Juzi nikampelekea mzee. Amestaafu, amepata kichumba nje ya mji, redio yake na kuku wanne. Sijawahi kumwonyesha chochote cha mambo haya, miaka yote. Akavaa miwani akasoma taratibu, midomo ikitikisika. Akafika kwenye "ndugu askari" akasimama.

"Nani huyu anamwita ndugu?"

Nikamwambia ni waandamanaji, baba.

"Mwaka ule wangeniita ndugu ningeshtuka ningedhani wananizunguka nyuma." Akafikiri. "Waandike afande."

Nikasema lakini afande ni mkubwa, konstebo sio afande. Akasema ndiyo, anajua, miaka yake yote hakuna aliyemwita afande isipokuwa raia aliyekuwa anaogopa. Akakata tena hilo la afande hewani kwa kidole, akaendelea kusoma. Kwenye dai la saba akauliza kama konstebo yumo. Nikasema imeandikwa wafanyakazi wote. Akauliza, yumo au hayumo?

Sikuwa na jibu, hatukuwahi kulijadili.

Akachukua kalamu yangu mfukoni bila kuniomba. Juu kabisa ya karatasi, kwa ule mwandiko wake wa kitabu cha matukio, akaandika tarehe, akaangalia saa ya ukutani akaandika na saa, 12:40 jioni. Chini yake akaandika "Mlalamikaji", akaweka nukta mbili, akanirudishia kalamu nijaze.